Shangazi, likizo yangu ni ya nani?

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, na huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Asili yangu ni Makunduchi, Unguja. Huku nimeletwa na ndoa, nina watoto watatu na mume mwema ambaye sina la kumsema ila hili moja nitakalokueleza.

Skuli zinakaribia kufungwa. Wenzangu wanafurahi, mimi tumbo linanikata, maana kila ikifika Disemba siku zangu huwa zimeshagawiwa kabla sijazishika. Mavyaa ana mikarafuu yake Mtambwe na mwaka huu imezaa. Ameshaniletea salamu kupitia mume wangu: "Mwambie mwalimu asichelewe, jamvi linamngoja." Wifi yangu anaozesha Ijumaa ya mwisho ya mwezi na ameniweka mimi kwenye kupokea wageni wote wanaotoka Unguja, kwa kuwa "wewe uko huru mwezi mzima." Wazazi watatu wamenifuata mpaka nyumbani, wanataka tuisheni ya watoto wao kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, likizo nzima. Mwalimu mkuu naye anataka tuje siku kadhaa kupanga vitabu na kuandikisha watoto wapya. Na ndani ya nyumba kila kilichosubiri mwaka mzima kinanisubiri mimi: kupaka chokaa ukumbi, kufua mapazia, kumpeleka bibi yake mume wangu kutazamwa macho Chake.

Nikisema nimechoka, mume wangu hucheka, wala si kwa ubaya. Husema: "Wewe kwani si uko likizo? Sisi tunaokwenda ofisini tuseme nini?" Yeye likizo yake aliichukua mwezi wa nane. Alikwenda Dar es Salaam kwa kaka yake siku 12, akarudi amenawiri. Sikumuuliza huko alikuwa akifanya nini.

Shangazi, mama yangu ana miaka 74. Mara ya mwisho kulala naye nyumba moja ni miaka miwili iliyopita, tena kwa msiba. Nikimpigia simu hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Husema tu, "Chumba chako nimekifagia."

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Likizo iliyopita niliimaliza juu ya jamvi la karafuu. Januari skuli zimefunguliwa, siku ya tatu, nimepewa darasa la kwanza, watoto 83 katika chumba kimoja. Kitoto kimoja cha kiume, ndiyo kwanza kinaujua mlango wa skuli, kilikuwa kinatafuta penseli ndani ya mkoba na hakiioni. Nikakipigia ukelele. Ukelele ambao hata mimi niliusikia kama umetoka kwa mtu mwengine. Mtoto akasimama wima, akanitazama, akajikojolea. Mkojo ukamteremka mguuni mpaka kwenye ndara. Wenzake wakacheka. Sikumpiga, sikumtukana, nilimpeleka uani nikamsafisha. Lakini mpaka leo, mwaka unakwisha, akipita karibu yangu huinamisha kichwa.

Sijamwambia mtu. Naomba unisaidie. Nikitaka kupumzika, ni uvivu? Na hawa watu wote nitawaambiaje bila ya kuivunja nyumba yangu?

Mwalimu, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesita pale kwenye ndara za yule mtoto. Wewe umeliweka mwisho, mimi ndilo nitakalolianzia.

Nimesomesha Unguja miaka 31, mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana, na ukelele huo ninaujua kwa sauti yake. Wangu ulimwangukia msichana wa darasa la nne aliyeniuliza swali nililokwisha kulijibu mara tatu. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Tukikutana Darajani hunipa mkono kwa adabu zote, na anayeinamisha kichwa ni mimi. Kwa hiyo sitakwambia usahau. Nitakwambia ulikotoka ukelele ule: ulitoka kwenye likizo uliyoirejea ukiwa umechoka kuliko ulivyoianza.

Mchukuzi akichoka hutua mzigo akakaa juu yake. Mzigo wako wewe una macho 166 na yote yanakutazama. Sauti imekauka tangu mwezi wa kumi, miguu imevimba, chaki imekuingia mpaka kooni, na bado mtoto wa 83 ana haki ya kuulizwa "umefahamu?" kwa upole uleule aliopata wa kwanza. Upole huo hauchotwi kisimani. Hujazwa katika zile wiki za Disemba, na usipojazwa, Januari watoto ndio wanaoona kuwa mtungi mtupu. Kwa hivyo ukiniuliza kama kupumzika ni uvivu, jawabu langu ni kuwa kwa mwalimu kupumzika ni sehemu ya kazi, kama kusahihisha madaftari. Ningependa ulishike hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu ninahisi mtu wa kwanza anayekuita mvivu ni wewe mwenyewe.

Sasa tuje kwa watu.

Nimewahi kujiuliza kwa nini likizo ya karani haiombwi na mtu, na ya mwalimu inaombwa na mtaa mzima. Nadhani ni hivi. Karani akichukua likizo yake anajua yeye na ofisi yake. Ya kwako inatangazwa. Siku ya kufunga, watoto mia kadhaa wanamwagika njiani na ripoti zao mikononi, wanapiga kelele kutoka skuli mpaka bandarini, na kila mwenye shughuli anayewaona anasema moyoni: aa, mwalimu sasa yuko bure. Hawakuoni ukisahihisha mitihani usiku na kujaza ripoti 83 kwa mkono wako. Wanaona mlango wa skuli umefungwa, basi. Hawana nia mbaya. Wameona kitu kimewekwa nje na hakina jina la mwenyewe.

Na jina hujaliweka. Hapo nina lawama kidogo kwako, niwie radhi. Katika barua yako yote umenieleza siku zako wanazitaka kina nani, lakini hukunitajia tarehe hata moja ambayo wewe mwenyewe umemwambia mtu, "hii ni yangu." Mume wako alisema anakwenda Dar siku 12, akaenda siku 12. Alitaja idadi. Wewe unasema "nimechoka," na uchovu hauna tarehe, kila mtu anao, na ndiyo maana anacheka. Mpe tarehe uone kama atacheka.

Mazungumzo ya kwanza ni na yeye, kabla ya mama yake, kabla ya wifi, kabla ya mtu yeyote. Chagua usiku ambao watoto wamelala na simu yake haipo mkononi. Na usianze na likizo. Anza na yule mtoto. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, penseli, ukelele, ndara, kicheko cha wenzake. Unasema hujamwambia mtu, na mimi naamini mumeo hajui kuwa mke wake amebeba jambo hilo tangu Januari. Mwanamme mwema, kama ulivyomwita, akilisikia hilo hatakwambia tena "kwani si uko likizo." Kisha mwambie: "Skuli zikifungwa nakwenda kwa mama siku kumi. Nataka unikatie tiketi wewe." Kumuomba yeye akate tiketi ni makusudi, ili safari iwe ya nyumba nzima, isije ikaitwa kutoroka. Na muikate mapema, kwani mwisho wa mwaka boti zinajaa.

Kumtazama mzazi hakuhitaji utetezi, mwanangu. Sisi tunaambiwa tuunge udugu, na hakuna udugu ulio karibu kuliko wa aliyekuzaa. Mavyaa wako mwenyewe ni mama wa mtu, anajua maana ya kukifagia chumba ambacho hakilaliwi.

Tena nenda mwanzo wa likizo. Hili ninalisisitiza kwa sababu nimeliona kwangu. Kila mwaka nilipokuwa nikisema "nikishamaliza ya watu nitakwenda zangu," ya watu hayakumalizika hata mara moja. Alitokea mgonjwa, ikatokea posa, maji yakaharibika, na Januari ikanikuta palepale. Ya mwanzo ndiyo unayoipata.

Juu ya karafuu sitazungumza kwa wepesi, maana najua ni nini Pemba. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa chenu ndicho kilichobeba zao hili, na kuna nyumba nyingi huko zilizojengwa, na watoto waliosomeshwa, na hija zilizohijiwa, kwa fedha ya karafuu. Na karafuu haingoji. Karafuu ikishawiva na kupita siku zake, ua hufunguka, halafu inakuwa mpeta, na thamani imeondoka. Zilizochumwa nazo zikilazwa mbichi kwenye gunia huchemka, na hata ukizianika baadaye rangi yake haiwi ile. Kwa hivyo mavyaa wako akisema usichelewe, anasema kweli, hakuonei. Mwenye mikarafuu iliyozaa hana usingizi.

Lakini kazi ya karafuu si moja, na hapa ndipo nataka utazame vizuri. Kuna kuchambua, jioni, watu wamekaa duara chini ya taa, kila mmoja na pishi zake mbele, vidole vinatenga karafuu na makonyo na mdomo unahadithia. Kazi hiyo nimeifanya nilipokuja kwa shangazi yangu Ole nikiwa msichana, na harufu ile mikononi ilikaa siku tatu. Inachosha vidole lakini inapumzisha moyo. Halafu kuna kulinda jamvi. Hiyo ni kufungwa kamba. Tangu jua linatoka uko hapo, unageuza, unafukuza kuku, unaitazama mbingu, na Disemba mvua za vuli bado hazijaaga, wingu dogo likitokea upande wa bahari unakimbia kukunja kila kitu, halafu jua linatoka tena unaanika upya. Siku nne, siku tano kwa jamvi moja, na zikikauka kilo tatu mbichi zimekuwa kama kilo moja tu. Huwezi kulala, huwezi kusoma, huwezi kwenda popote. Ndiyo kazi uliyopewa wewe mwaka jana, si hivyo? "Niliimaliza juu ya jamvi," umeandika.

Basi ukirudi kutoka Makunduchi mwende Mtambwe, na umwambie mavyaa kwa heshima yake: "Mama, nipo kwa siku saba, na kuchambua kote ni kwangu. Jamvi naomba uniondolee." Mikarafuu haichumwi mara moja ikesha, mti huohuo hurudiwa, kwa hiyo kazi utaikuta, usiogope kuonekana umekwepa. Na jamvi? Mumeo anatoka ofisini alasiri, na Jumamosi na Jumapili yuko nyumbani. Karafuu za mama yake ajue naye zinakunjwaje mvua ikija. Mchana wa siku za kazi atafutwe kijana wa jirani alipwe, maana wachumaji nao hulipwa kwa pishi na hakuna anayeona ajabu. Mlinzi wa jamvi kulipwa kwa siku itakuwa ajabu gani? Fedha hiyo mumeo aitoe mwenyewe kwa furaha, kabla karafuu hazijafika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu.

Harusi ni siku moja. Pokea wageni siku hiyo na usiku wa kabla yake, pika, imba, furahi na wifi yako. Lakini huo "mwezi mzima" aufute kwenye karatasi yake.

Mwalimu mkuu ana haki ya siku zake, muulize ni zipi hasa na umuombe ziwe mwishoni, karibu na kufungua.

Tuisheni ndiyo ninayoikataa. Najua fedha inahitajika, na mshahara wa mwalimu ninaukumbuka. Lakini asubuhi mpaka adhuhuri, likizo nzima, ni kulifungua darasa lililofungwa, kwa wewe na kwa watoto hao pia. Mtoto wa Wete ambaye Disemba haendi pwani maji yakitoka, haokoti chaza, hapandi mwembe, hakai na bibi yake akasikia hadithi, anaporudi Januari anakuwa ametazama ubao miezi 12 mfululizo. Nimewasomesha watoto wa namna hiyo. Wanajua kujibu na hawaulizi tena. Waambie wale wazazi watatu kuwa utawapa wiki moja, ya mwisho, saa mbili kwa siku, na uwaombe katika siku nyengine wawasomeshe watoto wao kuhesabu kwa kuwatuma dukani na chenji. Asiyeridhika atafute mwalimu mwengine, bila ugomvi.

Ukijumlisha, umebakiwa na siku ambazo hazina mtu. Usiniulize uzifanyie nini, ila nitakwambia wenzangu walizifanyia nini. Mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuwa na vigingi vyake vya mwani Paje, kila bamvua akiingia majini na kina mama wengine, akasema mwani haumwiti "mwalimu" hata mara moja na ndiyo raha yake. Kijana mmoja, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa akienda Nungwi kufanya kibarua hotelini msimu wa wageni. Huyo alirudi na fedha lakini amekonda, na mwaka wa tatu akaacha mwenyewe. Mwengine alisoma digrii yake kidogo kidogo, likizo kwa likizo. Mimi nilishona kofia. Kofia za viua, kipande juu ya goti, sindano na uzi mweupe, nimekaa barazani tangu alasiri mpaka magharibi. Kofia moja ilinichukua miezi. Watu walinipita wakasema "mwalimu na likizo bado unafanya kazi," na sikuwajibu, kwa sababu nilikuwa nikiona viua vinapangika kimoja baada ya kimoja na hakuna hata kimoja kilichoniuliza kitu. Siku nyengine sikushona. Nililala baada ya adhuhuri mpaka nikaamshwa na adhana ya alasiri, na usingizi ule ninaukumbuka kuliko kofia zote nilizouza.

Lala, mwanangu. Kwa mamako Makunduchi, katika chumba kilichofagiliwa, lala mchana. Watoto wako wataangaliwa na binamu zao. Mamako atakuja kuchungulia mlangoni, na wala hatakuamsha.

Limebaki la yule mtoto, na hilo usilingojee likizo. Bado kuna siku ya kutoa ripoti. Mwite akija na mama yake, usimwite mbele ya darasa, mpeleke pembeni, chini ya mti ulio uwanjani. Uchutame ili macho yenu yawe sawa. Mwambie: "Januari nilikupigia ukelele kwa kosa ambalo hukulifanya. Mwalimu wako nilikuwa nimechoka, na haukuwa ubaya wako. Niwie radhi." Mama yake asikie. Huenda asikujibu, watoto wa umri huo huangalia vidole vya miguu yao. Usimlazimishe atabasamu. Mpe penseli mpya, mbili, moja ya akiba, halafu mwache aende zake likizo.

Shangazi